Namna ya Kutenganisha Taka za Nyumbani, Kuanzia Maganda ya Muhogo hadi Paketi za Vitafunio vya Japani

Taka ya nyumbani hupoteza thamani yake mara tu inapochanganywa. Chupa ya maji iliyo safi na kavu ina mnunuzi. Chupa hiyo hiyo ikilala usiku mmoja ndani ya mfuko mmoja na matumbo ya samaki, ukoko wa ugali na majani ya chai, mnunuzi huipita bila ya kuitazama. Gazeti lililokuwa pembeni yake limeshaloa, na maganda ya ndizi ambayo yangefaa kuwa mbolea yameshajaa vipande vya nailoni. Kwa hiyo kazi ninayotaka kuieleza hapa hufanyika jikoni, katika muda mfupi ambao mtu anakishika kitu mkononi kabla hajakitupa. Gari la manispaa, kijana wa mkokoteni na mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu huja baadaye, na wote hao hawawezi kukirudishia thamani kile ambacho jikoni kimeshaharibiwa.

Kwa sisi wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ardhi yetu ni ndogo na hakuna jangwa la kwenda kuficha uchafu. Taka zinazokusanywa mjini Unguja hupelekwa Kibele, katika Wilaya ya Kati, na sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye mashimo na mapango, ambamo maji ya mvua hupenya upesi na kuchukua kila kilichooza juu yake. Maji hayo hayo ya ardhini ndiyo tunayoyavuta visimani na kuyanywa. Pemba udongo ni mzito zaidi na vilima ni vingi, na huko taka iliyotupwa bondeni huteremka na mvua hadi kwenye mikoko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo Juni 2019, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mfuko wa kubebea ni sehemu ndogo tu ya plastiki inayoingia nyumbani. Chupa, paketi, vikopo na vifuko vya vitafunio vinaendelea kuingia kila siku, na kila nyumba inapaswa kujua la kufanya navyo.

Kuandaa vyombo

Hakuna haja ya kununua mapipa ya rangi kama yale ya hotelini. Kinachohitajika ni ndoo yenye mfuniko kwa mabaki mabichi ya chakula, polo (gunia) moja kwa vitu vikavu vya plastiki na vya bati, boksi la kadi kwa karatasi, na kopo gumu lenye kifuniko kwa vitu vya hatari kama betri na wembe. Ndoo ikae karibu na mahali panapomenywa na kukatwa vitu, kwa sababu mtu aliyeshika kisu hatatembea hatua kumi kwa ajili ya ganda moja la kitunguu. Polo litundikwe kwenye msumari mahali pasipofikiwa na maji. Kopo la vitu vya hatari liwekwe juu, pasipofikika na mkono wa mtoto.

Baada ya hapo waoneshwe wote waliomo nyumbani, wakiwemo watoto na anayesaidia kazi, na waoneshwe kwa vitendo. Nyumba nyingi hushindwa katika wiki ya kwanza kwa sababu mama peke yake ndiye anayejua kipi kinakwenda wapi, naye hayupo jikoni saa zote. Kwa maoni yangu ni bora kuanza na vyombo viwili, kibichi na kikavu, mpaka mkono wa kila mtu uzoee, kisha ndipo viongezwe vingine.

Mabaki mabichi

Katika nyumba za kwetu zaidi ya nusu ya taka ni kitu kilichotoka shambani au baharini. Maganda ya muhogo na ndizi, majani ya mchicha, makokwa ya maembe, maganda ya shokishoki, fenesi ambalo nusu yake hutupwa, vyote hivi ni mali. Vikifungiwa ndani ya mfuko na kupelekwa jaani huoza bila ya hewa, hutoa gesi ya methani, na huchuruzisha maji meusi yanayoingia ardhini. Vikibaki uani huwa chakula cha mifugo au cha udongo.

Tuchukue nazi, kwa kuwa hakuna jiko la Kizanzibari lisilokuwa nayo. Makumbi huwasha moto, huwekwa chini ya miche ili kuhifadhi unyevu, na katika vijiji vya pwani hufukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi kadhaa ili nyuzi zake zisokotwe kamba. Kifuu ni upawa, ni kata, na kikikauka ni kiwashio cha seredani (jiko la makaa) kilicho bora kuliko kipande chochote cha nailoni. Chicha iliyokamuliwa hupewa kuku siku hiyo hiyo, kabla haijachacha. Nazi nzima hutumika pasi na kubakiwa na kitu cha kutupa, na wazee wetu walifanya hivyo bila ya kuambiwa na mradi wowote.

Mwenye mbuzi au ng'ombe, au jirani aliye nao, awape maganda mabichi yakiwa mapya, isipokuwa ya muhogo, ambayo yakaushwe kwanza kwa kuwa mabichi yanaweza kuwa na sumu. Mkate au wali uliota ukungu asipewe mnyama yeyote, wakiwemo kuku, kwa kuwa ukungu una sumu inayoweza kumdhuru mnyama na kurudi kwa mlaji.

Yanayobaki yafanywe mbolea. Chagua pembe ya uwanja yenye kivuli, uzungushie fito au matofali kiasi cha mita moja kila upande, na uweke matawi membamba chini ili hewa ipite. Kila unapomwaga ndoo moja ya mabaki mabichi, funika kwa ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani yaliyopukutika, makumbi yaliyochambuliwa, maranda ya seremala, au boksi lililochanwachanwa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwani humwaga mabichi matupu siku baada ya siku, kisha wanalalamika kuwa mbolea inanuka. Harufu ya yai viza ina maana kwamba maji yamezidi na hewa imekosekana. Dawa yake ni vitu vikavu zaidi na kupindua fungu kwa jembe. Sisimizi wakijenga ndani yake ujue limekauka na linataka maji. Ili kupima unyevu, chota kiasi cha kiganja na ukikamue: yakitoka matone mawili au matatu, hapo pamefaa, yakichuruzika, yamezidi. Fungu lipinduliwe kila wiki, na ukiingiza mkono katikati utahisi joto, nayo ndiyo dalili kwamba kazi inakwenda. Kwa hali ya hewa yetu, miezi miwili hadi mitatu inatosha kupata udongo mweusi usio na harufu.

Nyama, mifupa yenye mafuta na mabaki yaliyokaangwa yasitiwe kwenye fungu hilo, kwa kuwa huita panya. Matumbo na magamba ya samaki yafukiwe peke yake, futi mbili chini ya mgomba au mpapai, na yafunikwe papo hapo. Anayeishi kwenye ghorofa za Michenzani au ndani ya Mji Mkongwe, asiyekuwa na uwanja, anaweza kutumia ndoo mbili zilizotobolewa pembeni na kujazwa kwa zamu, au akakubaliana na mfugaji mmoja aje kuchukua maganda kila asubuhi. Makubaliano ya namna hiyo hudumu, kwa sababu kila upande unafaidika.

Kunguru

Mtu akisahau kila kitu katika maelezo haya, asimsahau kunguru. Ndege hawa wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba wangesafisha taka za mji. Walichofanya ni kuzaana mno, kuwala makinda wa ndege wetu wa asili, na kuchanachana kila mfuko unaowekwa barazani alfajiri. Taka iliyotenganishwa kwa uangalifu jana usiku inaweza kuwa imetapakaa njia nzima kabla ya jua kuchomoza.

Japani nao wana kunguru, na miji yao imepata dawa rahisi: mahali pa kukusanyia taka hufunikwa wavu, na kingo zake huwekewa uzito ili ndege asiweze kuingiza mdomo. Hapa kwetu nyavu zilizochakaa zimejaa kila bandari. Chukua kipande chenye matundu madogo, kunja mara mbili, funika mifuko yako, na uweke mawe pembeni. Ukitaka zaidi ya hapo, toa mfuko nje karibu na saa ambayo gari linapita badala ya kuutoa usiku.

Chupa, makopo na karatasi

Chupa ya maji au ya soda ya plastiki imwagwe kilichomo, isuuzwe kwa maji ya mwisho ya kuoshea vyombo, itolewe kifuniko na lebo, ipondwe kwa kukanyagwa, kisha itiwe polo. Hakuna haja ya kutumia maji safi wala sabuni. Inatosha isiwe na sukari ndani, kwani sukari huita nyuki na sisimizi. Kifuniko hutolewa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine: kwenye maji, vipande vya chupa huzama na vipande vya kifuniko huelea, na zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana. Vifuniko navyo viwekwe pamoja katika kopo lao.

Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu yenye namba kuanzia 1 hadi 7. Watu wengi huamini kwamba alama hiyo ina maana kuwa kitu hicho kitatengenezwa upya, na imani hiyo si sahihi. Namba hutaja aina ya plastiki tu. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu na chupa ngumu za shampuu. Namba 5 ni ndoo, vifuniko vingi na vikopo vya mtindi. Namba 3 ni mabomba. Namba 4 ni mifuko laini. Namba 6 ni pamoja na vile vyombo vyeupe vyepesi vya kubebea chakula. Na namba 7 ni mchanganyiko wa mengineyo. Kitakachotengenezwa upya ni kile chenye mnunuzi katika mtaa wako. Kwa hiyo, kabla ya kujaza polo, mfuate anayekusanya na umuulize anachukua namba zipi. Aghalabu 1, 2 na 5 ndizo zenye soko, na nyingi hukandamizwa na kuvushwa kwenda Dar es Salaam, ambako ndiko viwanda viliko. Nauli ya kuvuka bahari ndiyo sababu nyingine ya kuziponda chupa vizuri: polo la chupa zilizovimba ni polo la hewa, na hakuna anayelipia hewa.

Dumu lililokuwa na mafuta ya kula litumike tena nyumbani kwa maji ya kuogea au kumwagilia. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu lisitumike kwa maji ya aina yoyote, hata likioshwa mara ngapi.

Makopo yana wanunuzi wa kudumu. Chukua sumaku ya redio mbovu na uipitishe: kopo la maziwa ya unga au la nyanya litanasa, kwa kuwa ni chuma, kopo la soda halitanasa, kwa kuwa ni alumini. Yatenganishe, maana alumini ina bei kubwa zaidi. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayotumika kuitoa kwenye udongo wake, na ndiyo maana sufuria iliyotoboka haikai nyumbani siku mbili kabla ya kupata mtu wa kuiulizia. Waya za umeme zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu, na mwenye mzani hununua waya zilizobanduliwa kwa kisu.

Chupa za soda za kioo zirudishwe dukani pamoja na kreti zake, kwani chupa inayooshwa na kujazwa tena imeokoa nishati nyingi kuliko inayoyeyushwa. Kioo cha aina nyingine ni kizito na kina wachukuaji wachache, ingawa hapa Zanzibar upo mradi wa Chako ambao huchukua chupa tupu za hotelini na kuzigeuza bilauri na taa. Chupa nzima zenye mdomo mpana zihifadhi achari na viungo. Kioo kilichovunjika kifungwe ndani ya magazeti mengi na kadi ngumu, na anayezoa taka aambiwe kwa mdomo, kwa kuwa wengi wao hufanya kazi hiyo bila ya glavu.

Karatasi na maboksi hutaka ukavu tu. Karatasi iliyofungiwa badia ikalowa mafuta haiwezi kutengenezwa upya. Irarue uitie kwenye fungu la mbolea ikiwa haina nailoni. Risiti laini za mashine zitupwe, kwa kuwa zimepakwa dawa isiyofaa kuchanganywa na karatasi nyingine wala na udongo. Maboksi ya juisi na maziwa yana karatasi, plastiki na alumini zilizogandanishwa, na kwa mnunuzi wa mtaani hayana soko. Yaliyo mazima huwa vyungu vizuri vya kuoteshea miche ya mikarafuu.

Paketi za vitafunio, na funzo la Japani

Paketi ndogo za vitafunio ndizo zinazoshinda nyumba nyingi. Paketi ya kachiri za kiwandani hung'aa ndani kama fedha, na mtu hudhani ni bati. Ikunjekunje ndani ya ngumi kisha uifungue mkono: ikifumuka yenyewe ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wa alumini, ikibaki imekunjamana ni karatasi ya alumini halisi. Ile ya kwanza haina mnunuzi. Ya pili hukusanywa taratibu na huuzwa pamoja na makopo, ikiwa imesafishwa.

Siku hizi wapo wageni, wanafunzi na jamaa wanaorudi kutoka Japani na sanduku la vitafunio, na sanduku hilo moja linaweza kufundisha mambo mengi. Huko, kila mkoa una ladha yake. Biskuti ya chokoleti ya Kitkat peke yake imetolewa katika mamia ya ladha: chai ya kijani ya unga iliyotoka mwaka 2004, wasabi ambayo ni mzizi mkali kama haradali, mchuzi wa soya, kunde nyekundu, na viazi vitamu vya zambarau vya Okinawa. Kuna vijiti vyenye ladha ya kamba wa baharini vya kampuni ya Calbee vinavyouzwa tangu 1964, na vijiti vya mahindi viitwavyo Umaibo vilivyoanza 1979, ambavyo vina ladha ya mayai ya samaki yenye pilipili na hata ya soya iliyovundikwa. Kachiri zao za mbatata hunyunyiziwa chumvi na mwani. Msomaji wa Paje au Jambiani asitegemee kuonja mwani wake humo, kwa sababu ule wa kwao ni wa jamii nyingine. Mimi naona ladha hizi si za ajabu kama zinavyosemwa. Mtu anayekula urojo wenye embe, badia, kachiri na mishikaki ndani ya bakuli moja hana sababu ya kushangaa kamba ndani ya biskuti.

Wingi wa ladha hizi umeambatana na wingi wa karatasi. Mjapani akisafiri hulazimika kuwarudishia wenzake wa kazini zawadi ya chakula cha mahali alikokwenda, na ili igawiwe kwa usafi, kila kipande hufungwa peke yake, kisha hupangwa ndani ya trei, trei ndani ya boksi, na boksi ndani ya karatasi. Desturi ni nzuri, nasi tunayo yetu ya zawadi za safari, lakini halua ya Wete ilipokuwa ikibebwa ndani ya kipakacha cha kusukwa, kilichobaki baada ya kuliwa kilioza kwa wiki chache.

Wajapani waliliona tatizo hilo mapema. Sheria yao ya kutengeneza upya vifungashio ilipitishwa mwaka 1995, na mpaka mwaka 2000 ilikuwa imeshafika kwenye plastiki na karatasi za kufungashia. Kwa sababu hiyo kila paketi ina alama. Igeuze nyuma na utafute mishale inayozunguka: mishale ya umbo la mraba yenye herufi mbili za kufanana na mistari michache ya kalamu ni plastiki, mishale ya mviringo yenye herufi moja iliyojaa mistari ni karatasi, pembetatu yenye namba 1 ni chupa ya kinywaji. Mara nyingi boksi moja lina alama mbili, na pembeni yake imeandikwa ni sehemu gani ya nje na ni ipi ya ndani. Mwenye nyumba anajua bila ya kubahatisha kwamba boksi linakwenda huku na kifuko kule. Zaidi ya asilimia 80 ya chupa za plastiki za vinywaji nchini humo hutengenezwa upya, kwa vile kila nyumba imetoa kifuniko na lebo, imesuuza na imeponda kabla ya gari kufika. Mji mdogo wa Kamikatsu, wenye watu wasiofika 1,500, ulitangaza mwaka 2003 kwamba unataka kufikia hali ya kutokuwa na taka kabisa. Wakaazi wake hupeleka taka zao wenyewe kituoni na kuzigawa katika mafungu zaidi ya 40, na karibu asilimia 80 hurudi katika matumizi. Nisiwapambe kupita kiasi: plastiki nyingi laini za Japani bado huchomwa kwenye matanuri makubwa yanayozalisha umeme, matanuri ambayo sisi hatuna na ambayo moto wa uani hauwezi kuyaiga. Watengenezaji nao wamelazimika kusogea, na mwaka 2019 mifuko ya nje ya Kitkat nchini humo ilianza kubadilishwa kutoka plastiki kuwa karatasi.

Ukipokea sanduku la namna hiyo, fanya hivi. Kabla ya kula, pitisha kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri juu ya orodha ya vilivyomo, kwa sababu jelatini na mafuta ya nguruwe hutumika katika baadhi ya vitafunio, na zipo ladha zenye pombe ndani yake, kama ile ya sake iliyotoka 2016. Boksi la nje likunjuliwe liende kwenye karatasi. Trei ngumu ya plastiki ioshwe. Ikiwa na namba 1 au 5 iende kwenye polo, na ikiwa haina namba, itumike kuoteshea mbegu za mchicha. Vifuko vidogo vya kila kipande vitiwe vyote ndani ya kimoja kilicho kikubwa zaidi ili visipeperuke, na hicho kiende na taka za kutupwa.

Halafu kuna kile kifuko cheupe kidogo kilichomo ndani ya paketi. Kiangalie kwa makini, kwa maana si vyote vinafanana. Kimoja kina vijipunje vya kung'aa vinavyofyonza unyevu, nacho hakina madhara makubwa na chaweza kuwekwa ndani ya kopo la misumari ili isipate kutu. Kingine kina unga mweusi wa chuma unaofyonza oksijeni ya hewani. Cha tatu, ambacho hupatikana zaidi kwenye biskuti za mchele na mwani mkavu, kina chokaa isiyozimwa, ya jamii ile ile inayotoka kwenye tanuri zetu za chokaa, na kikilowa hupata moto mkali. Kifuko hicho kisitiwe ndani ya ndoo ya mabichi wala kusuuzwa, wala mtoto asiachiwe kukichezea. Kiwekwe kwenye kopo la vitu vya hatari kikiwa kikavu na hakijapasuliwa.

Kwa vitafunio vya hapa nyumbani dawa bora ipo dukani kabla ya kununua. Ubuyu, karanga, visheti na kachiri za muhogo vinauzwa pia kwa kupimwa. Mtu akienda na bakuli lake lenye mfuniko, muuzaji hatakataa, na vifuko kumi vya nailoni havitaingia nyumbani.

Yasiyofaa kufanywa

Plastiki isichomwe. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa kila jioni, katika mitaa mingi, moshi mweusi hutoka uani, na katika nyumba nyingine kipande cha nailoni ndicho kinachowashia seredani ambayo juu yake kitapikwa chakula cha watoto. Moshi wa plastiki una chembechembe na kemikali zinazodhuru mapafu, na ule wa plastiki namba 3 hutoa asidi na dayoksini, ambayo hukaa mwilini kwa miaka. Tumia kifuu, makumbi au karatasi kavu.

Taka isitupwe kwenye mtaro. Mvua za masika zikija, chupa chache zikibana mdomo wa kalvati zinatosha kuzuia maji ya mtaa mzima, nayo maji hayo hupita kwenye makaro ya vyoo kabla ya kuingia ndani. Zanzibar imeshazika watu kwa kipindupindu zaidi ya mara moja, na hili si jambo la kulisahau kila jua linapotoka.

Pempasi zilizotumika hazina namna ya kutengenezwa upya. Kinyesi kimwagwe chooni, yenyewe ikunjwe na kufungwa, iende na taka za kutupwa. Isitiwe kwenye shimo la choo, kwani huvimba na kuziba. Sindano za wagonjwa wa kisukari zitiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zipelekwe kituo cha afya. Betri zisitupwe motoni wala kwenye mbolea, na ile ya simu iliyovimba isitobolewe. Zikae kwenye kopo kavu mpaka ziweze kukabidhiwa kwa manispaa au kwa mnunuzi wa vifaa vibovu vya umeme. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yasimwagwe kwenye beseni la kuoshea. Yapoe, yachujwe, yatiwe kwenye chupa, na wapo wanaoyatafuta kwa ajili ya sabuni.

Ndara zilizokatika zina kisa chao. Mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara 30,000, lilisafiri kwa tanga hadi Unguja. Mafundi walioliunda walitumia ujuzi wa majahazi ya mbao, nao walilazimika kwanza kuichambua plastiki hiyo kwa aina zake, kazi ambayo ingekuwa nyepesi sana kama ingefanyika nyumbani.

Kuzikabidhi

Nyumba moja hujaza polo la chupa polepole, na mnunuzi havutiwi na safari ya polo moja. Nyumba tano au sita za njia moja zikikubaliana mahali pakavu pa kuweka na siku moja ya mwezi ya kuuza, mzani utakuja wenyewe. Mjulisheni sheha, ili mahali hapo pasije pakageuzwa jaa na wapita njia, na mchagueni mtu mmoja wa kuandika uzito na fedha zilizopatikana, maana ushirika mwingi huvunjika kwa hesabu zisizoandikwa. Fedha hizo zinaweza kununulia glavu za kijana anayezoa taka za mtaa, au toroli la pamoja. Polo zote ziwe zimeuzwa kabla ya mwezi wa Machi kwisha, kwa sababu chupa zilizolala nje wakati wa masika hujaa maji, na ndani ya wiki moja mbu huwa wameshazaliwa humo.